Kinyota Chini ya Jedwali

Kila mwaka, siku ya kwanza ya Oktoba,
nazima simu, narudisha mlango wa ofisi,
naigawa sekondari yetu katika visanduku.
Weupe, mia tatu na kumi na wawili.
Walatino, mia mbili tisini na mmoja,
hata mapacha wale wa milima ya Gwatemala
ambao Kihispania chenyewe wanajifunza.
Waasia, thelathini na wanne: Wakareni na Walao
wasiowahi kula meza moja.
Maskini tunawahesabu kwa sahani:
anayekula bure ni maskini,
anayeona haya kujaza fomu,
huyo ndiye tajiri wetu.

Halafu mstari wa mwisho, Watu wa Visiwa vya Pasifiki,
na mbele yake, kinyota.

Kinyota maana yake hawafiki kumi.
Wakiwa wachache hivyo, kanuni yasema,
ficha alama zao, mtu asije akawatambua.
Akawatambua!
Mji huu wa Iowa una taa nne za barabarani
na kiwanda kimoja cha nguruwe.
Nani asiyemjua Jemi Riklon,
anayelala kipindi cha hisabati
kwa kuwa mama yuko zamu ya usiku
na mtoto mchanga hana zamu?
Nani asiyemjua Rostina Lokebol,
aliyepata tisini na sita katika kemia
kisha akaomba radhi?
Wote tisa nawajua kwa viatu.
Miaka mitano kinyota kimewaka juu yao
bila kumulika kitu.

Mwaka huu, saa tisa kasorobo alasiri,
robo saa kabla hesabu kufungwa,
mlango ukabishwa.
Mwanamke mwenye buti za mpira, ananukia dawa ya sakafu,
na nyuma yake kijana mrefu
ameshika karatasi za shule ya Oklahoma.
Tobin Ankien. Miaka kumi na sita.
Mama akauliza, kidole kwenye fomu,
"Sisi ni wa kisanduku kipi?"

Bwana Dreesman, mkuu wetu, alikuwa amesimama kando.
Si mtu mbaya. Binti yake nilimfundisha kuogelea.
Alisema polepole, kama anayeongea na kahawa yake:
"Marlys, hata kesho si mbaya."

Nilimwelewa. Kumi wakitimia, kinyota hufunguka,
na ndani yake mna namba:
katika kumi, aliyefikia kiwango ni mmoja.
Asilimia kumi, kwa wino, gazetini,
na shule inashuka daraja,
na wenye magari mapya wanaulizia mji wa jirani.

Mficha uchi hazai.
Sisi tumeficha miaka mitano, na kweli hatujazaa:
si mkalimani, si mwalimu wa ziada,
si hata kitabu kimoja chenye neno la kwao.
Kinyota hakiombi bajeti.

Nilitazama saa. Nikatazama buti.
Nikamwonyesha mama kisanduku, akatia alama
kwa nguvu, kalamu ikatoboa karatasi.

Sijui kama nilitenda wema.
Januari ripoti ikatoka, gazeti likaandika lililoandika.
"Hao," walisema dukani, "ndio wanaotushusha,"
nami nikiwa foleni nyuma yao, na maziwa yangu, kimya.
Mwalimu wa ziada ameahidiwa. Bado hajafika.

Lakini Rostina alikuja ofisini, gazeti kwapani,
akaliweka mezani, akagusa ile kumi.
"Huyu mmoja," akasema, "ni mimi."
Hakuwa anajivuna.
Akawataja wale tisa, jina kwa jina,
Tobin wa mwisho,
kisha akaniuliza chumba cha mikutano
huwa kitupu saa ngapi jioni.